Nyumba ya ng'ambo iliyo kwenye karatasi



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, mwalimu mmoja mstaafu wa usharika wetu alinisubiri chini ya mwembe akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na kitabu cha picha cha karatasi za kung'aa: jengo la ghorofa nyingi, bwawa la kuogelea juu ya paa, na bahari ya buluu nyuma yake. Jengo hilo liko Dubai. Au tuseme litakuwa Dubai, kwa sababu siku tuliyozungumza palikuwa na uzio na mchanga tu.

Kijana wake anafanya kazi hotelini huko, na ndiye aliyemkutanisha na wakala. Mwalimu alikuwa ameshalipa ada ya kushika nafasi. Kabla ya mwezi kwisha alitakiwa kulipa asilimia 20 ya bei ya nyumba, na kila baada ya miezi mitatu sehemu nyingine. Fedha zenyewe ni kiinua mgongo chake chote. Kitakachopungua, walipanga kijana akijazie kwa mshahara wake.

"Mwanangu, wewe unashughulika na mambo ya fedha," aliniambia. "Nisomee haya makaratasi, uniambie kama kuna ubaya."

Niliyasoma usiku huo hadi taa ikakatika. Uongo ulio wazi sikuuona. Ndiyo sababu nimeona vema kuandika makala hii. Wengi wanaopoteza akiba zao katika majengo ya nchi za mbali hawaibiwi na mtu aliyejificha kwa jina la bandia. Wanasaini mkataba halali, na kampuni iliyosajiliwa, yenye ofisi na simu. Kisha kampuni inashindwa kujenga.

Unanunua nini hasa?

Ukinunua nyumba iliyojengwa, unaingia ndani, unagonga ukuta, unafungua bomba, unauliza jirani. Ukinunua nyumba ambayo haijajengwa, huna cha kugonga. Unachopata ni ahadi: kampuni inapokea fedha zako leo, na baada ya miaka miwili au mitatu itakupa nyumba.

Mwalimu huyu ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA, na ni mkali kweli. Mwanachama akitaka mkopo wa shilingi 300,000, Mwalimu anataka wadhamini wawili, anataka kujua biashara yenyewe ni ipi, na mara nyingine anakwenda kuiangalia banda kwa banda. Basi nilimwuliza, "Shikamoo Mwalimu, hawa wa Dubai wadhamini wao ni nani?" Alicheka, kisha akanyamaza.

Swali halikuwa la utani. Anayelipia nyumba kabla haijajengwa anaikopesha kampuni fedha za kujengea. Ni mkopo kama ule wa kikundi chetu, ila haupewi jina hilo. Benki ikiikopesha kampuni hiyohiyo, inashika hati ya kiwanja kama dhamana. Kampuni ikifilisika, benki inauza kiwanja na kujilipa kwanza. Mnunuzi wa kawaida anabaki katika foleni ya wadai wasio na dhamana, pamoja na aliyeleta saruji na aliyeleta nondo, wakisubiri mfilisi awaambie kama kuna kilichobaki. Mara nyingi hakibaki kitu.

Yaliyotokea Buccament Bay

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri unatoka Uingereza na visiwa vya Karibi. Kampuni ya Harlequin, iliyokuwa na makao yake Essex, iliwauzia Waingereza nyumba na vyumba vya hoteli ambavyo vingejengwa katika visiwa kama Saint Vincent, Barbados na Saint Lucia. Mradi uliotangulia ulikuwa Buccament Bay, katika kisiwa cha Saint Vincent. Kulikuwa na picha nzuri na majina ya watu mashuhuri wa michezo, na hata shule ya soka iliyobeba jina la Liverpool. Wanunuzi waliahidiwa mapato ya uhakika. Wengi walikuwa watu wa kawaida, na baadhi yao walihamisha akiba zao za pensheni baada ya kushauriwa na washauri wa fedha.

Angalia jinsi fedha zilivyotembea. Mnunuzi alilipa malipo ya awali ya asilimia 30 ya bei. Karibu nusu ya fedha hizo zilikwenda kwenye ada na kamisheni, kwa kampuni yenyewe na kwa wauzaji wake. Nusu iliyobaki ndiyo iliyotarajiwa kuanzisha ujenzi, na sehemu kubwa ya gharama ingetoka kwa wakopeshaji wa nje.

Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba inauzwa kwa shilingi 100. Mnunuzi analipa 30. Kamisheni na ada zinakula 15, zinabaki 15. Tuseme kuijenga nyumba hiyo kunagharimu 60. Basi inahitajika michango ya wanunuzi wanne ili nyumba moja isimame. Wa kwanza akipata nyumba, watatu wanaomfuata fedha zao zimekwisha, na nyumba zao bado hazijachimbwa hata msingi. Kampuni ikitaka kuwajengea hao watatu kwa njia hiyohiyo, inahitaji wengine 12. Njia pekee ya kutoka katika mduara huo ni kupata mkopo mkubwa kutoka nje, na mkopo wa kutosha haukupatikana. Lakini uuzaji uliendelea.

Hoteli ya Buccament Bay ilifunguliwa mwaka 2010, na watu walikwenda kupumzika huko. Hili nalisisitiza kwa makusudi, kwa sababu husemwa kwamba ukiona majengo yamesimama, basi mradi ni wa kweli. Majengo machache yaliyosimama ndiyo yaliyowavuta wanunuzi wengi wa ambayo hayakusimama kamwe. Mwaka 2013 idara ya Uingereza inayochunguza makosa makubwa ya ulaghai ilianza uchunguzi, na mwaka huohuo moja ya makampuni ya kundi hilo ikawekwa chini ya usimamizi wa mfilisi. Desemba 2016 hoteli ikafungwa. Wafanyakazi wake, watu wa Saint Vincent wenyewe, waliachwa wakidai mishahara. Hao hawatajwi sana katika habari hizi, ingawa hawakuweka fedha popote wala kusaini mkataba wa kununua chochote.

Agosti 2022, mahakama jijini London ilimtia hatiani mwenyekiti wa kundi hilo, David Ames, kwa makosa mawili ya ulaghai. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Waliopoteza walikuwa zaidi ya 8,000, na hasara iliyotajwa mahakamani ni pauni milioni 226. Tangu uchunguzi uanze hadi hukumu ilipita miaka tisa. Mtu aliyeweka pensheni yake akiwa na miaka 60 aliisikia hukumu hiyo akiwa na zaidi ya 70, kama alikuwa bado hai. Baadhi walirudishiwa sehemu ya fedha kupitia mfuko wa fidia wa Uingereza, kwa sababu waliwatumia washauri waliosajiliwa na mamlaka ya fedha. Walionunua moja kwa moja kwa kampuni hawakuwa na mlango huo.

Kiwanja chenyewe? Machi 2024 hoteli mpya ilifunguliwa palepale Buccament. Inamilikiwa na kampuni nyingine kabisa, ya Sandals. Pwani ilikuwa nzuri kweli, kama picha zilivyoonyesha.

Sheria inasaidia, ikifuatwa

Mtu anaweza kusema kwamba Harlequin ilikuwa na mwenyekiti mlaghai, na kwamba kampuni nzuri haitafanya hivyo. Tuangalie basi Hispania, ambako makampuni mengi yaliyoanguka yalikuwa ya kweli kabisa.

Miaka ya 2000 Hispania ilijenga kupita kiasi. Waingereza, Waayalandi na Wajerumani walinunua nyumba za pwani zikiwa bado ramani. Mwaka 2008 mikopo ilikauka, na Julai mwaka huo kampuni kubwa ya Martinsa-Fadesa iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni ya mabilioni ya euro. Vitongoji vizima vilibaki na taa za barabarani bila wakazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba Hispania ilikuwa na sheria nzuri tangu mwaka 1968. Sheria hiyo iliitaka kampuni iweke fedha za wanunuzi katika akaunti maalumu, na impe kila mnunuzi dhamana ya benki au bima, ili nyumba isipojengwa arudishiwe fedha pamoja na riba. Lakini makampuni mengi hayakutoa dhamana hizo, benki zilipokea fedha bila kuuliza, na wanunuzi wengi wa kigeni hawakujua kwamba walikuwa na haki ya kudai karatasi hiyo. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Hispania iliamua kwamba benki iliyopokea fedha za wanunuzi bila kuhakikisha akaunti maalumu na dhamana inawajibika kuwalipa. Uamuzi huo uliwasaidia wengi, baada ya miaka saba au minane ya kusubiri.

Huko Hispania lilitokea pia tatizo la vibali. Katika mkoa wa Almería, Januari 2008, nyumba iliyokuwa na kibali cha manispaa ilibomolewa kwa sababu mamlaka ya jimbo ilikuwa imekipinga kibali hicho. Kumbe kibali chenye mhuri nacho kinaweza kuwa na ugomvi nyuma yake. Sisi wenye migogoro yetu ya hifadhi za barabara tunalielewa hili bila kufafanuliwa.

Sasa turudi Dubai, ambako Mwalimu anataka kununua. Wageni walifunguliwa mlango wa kumiliki nyumba mwaka 2002, na bei zikapanda hadi 2008. Kisha zikaanguka kwa karibu nusu. Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World iliomba wakopeshaji wake wasimamishe madai, na dunia nzima ikashtuka. Miradi mingi ilifutwa au kusimama kwa miaka. Wapo waliokuwa wamelipia nyumba katika visiwa vya mchanga ambavyo mchanga wake ulimwagwa na kuachwa.

Tangu hapo mambo yamebadilika, na ni haki kulisema hilo. Sheria Na. 8 ya mwaka 2007 inataka kila mradi uwe na akaunti yake ya amana. Fedha za wanunuzi zinaingia humo na zinatumika kwa ujenzi wa mradi huo tu, na wadai wengine wa kampuni hawawezi kuzikamata. Asilimia 5 inabakizwa kwa mwaka mmoja baada ya nyumba kuandikishwa, ili kasoro zirekebishwe. Sheria Na. 13 ya mwaka 2008 inataka kila mauzo ya nyumba ambayo haijakamilika yaandikishwe katika daftari la muda la Idara ya Ardhi. Mnunuzi aliyelipa katika akaunti hiyo na kuandikishwa yuko mahali pazuri kuliko yule wa mwaka 2005.

Lakini akaunti ya amana haizuii ujenzi kuchelewa, wala haishiki bei isianguke. Fedha zilizokwisha kugeuka zege haziko tena benki. Na kuna kifungu ambacho hakikuwamo katika kitabu cha picha cha Mwalimu: mnunuzi akishindwa kuendelea kulipa, sheria inairuhusu kampuni kubaki na sehemu ya fedha, na ujenzi ukiwa umefika mbali sehemu hiyo inaweza kufika asilimia 40 ya bei ya nyumba. Hapo kampuni haijafilisika, na hakuna aliyedanganya. Ni mnunuzi tu aliyeishiwa.

Shilingi na dola

Mtu anaishiwaje? Kwa njia rahisi. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola ya Marekani tangu mwaka 1997. Dola ikipanda dhidi ya shilingi, na dirhamu imepanda. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,330 za Tanzania. Katika mwaka 2024 ilifika karibu 2,700. Awamu ya dola 1,000 iliongezeka kwa zaidi ya shilingi 350,000 bila mkataba kubadilika hata nukta. Kiinua mgongo kilichoko benki kwa shilingi hakiongezeki kwa sababu dola imepanda.

Upande wa kijana, mshahara ni wa dirhamu, kwa hiyo tatizo la kubadilisha fedha halimgusi. Lakini kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye ajira. Akipoteza kazi mwaka wa pili wa malipo, anarudi nyumbani, na awamu zinaendelea kuitwa. Nilipomwambia Mwalimu hili alinitazama kama mtu aliyeliwaza siku nyingi na hakutaka kulisema.

Maswali kabla ya kulipa

Mimi si mwanasheria, na makala hii haiwezi kuchukua nafasi ya wakili. Wakili mwenyewe awe wako, si yule anayependekezwa na muuzaji, hata kama wa muuzaji anatolewa bure. Hasa kama anatolewa bure.

Swali la kwanza ni jina la akaunti. Fedha zinaingia katika akaunti ya amana ya mradi, au ya kampuni, au ya wakala? Katika makaratasi ya Mwalimu, ada ya kushika nafasi ilikuwa imelipwa kwa wakala. Awamu ya asilimia 20 haikuandikiwa akaunti. Ilisemekana "maelekezo yatatumwa". Hapo ndipo nilipoweka kalamu nyekundu.

Swali la pili ni namba ya mradi katika Idara ya Ardhi ya nchi husika. Kwa Dubai, mtu anaweza kuhakiki mradi na asilimia ya ujenzi iliyofikiwa kupitia idara yenyewe, bila kupitia kwa muuzaji. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukimwomba namba. Pia uliza kiwanja ni cha nani na kama kimewekwa rehani, na nani aliyewahi kukabidhiwa nyumba katika mradi wao uliotangulia. Kwa Mwalimu hili la mwisho halikuwa gumu, kwa kuwa kijana yuko hukohuko na siku yake ya mapumziko anaweza kupanda basi akaangalie. Ni ajabu kwamba hakuna aliyemtuma.

Kuhusu mapato ya uhakika, uliza nani anayayahakikisha, na kwa fedha zipi. Kama ni kampuni ileile inayouza, basi uhakika huo una nguvu sawa na kampuni. Ikianguka, vinaanguka pamoja. Wakati mwingine mapato ya miaka miwili ya kwanza yamekwisha kuongezwa ndani ya bei, kwa hiyo mnunuzi anarudishiwa fedha zake mwenyewe kidogokidogo na kuambiwa ni faida.

Na usiyachukue maneno ya ndugu wa usharika kama uhakiki. Wanaouza mambo haya wanajua kwamba sisi huaminiana. Anayeshuhudia kwamba "mimi nimeshalipa" anashuhudia tu kwamba amelipa.

Haya hayawahusu wanaonunua Dubai peke yake. Watoto wetu walioko Marekani, Uingereza na Ghuba hulipia viwanja na nyumba za huku nyumbani ambazo hawajaziona, kwa picha zinazotumwa kwenye simu. Kwao wao, ng'ambo ni huku. Kama una kijana wa namna hiyo, msaidie: nenda ukaone, kisha omba upekuzi kwa msajili wa hati kabla hajatuma fedha.

Ikiwa umeshalipa

Tunza kila kitu: mkataba, stakabadhi, barua pepe, ujumbe wa simu, na kitabu cha picha pia, kwa sababu ahadi nyingi ziko humo na si ndani ya mkataba. Usilipe awamu inayofuata kwa sababu tu unaogopa kupoteza iliyotangulia, na pia usiache kulipa kimyakimya, maana unaweza kuwa wewe ndiye uliyevunja mkataba. Andika barua kwanza, uliza maswali, taja tarehe ya kujibiwa. Tafuta wanunuzi wenzako. Baadhi ya waliorudishiwa fedha Hispania walishitaki kwa makundi, kwa kuwa gharama ya wakili ni nzito kwa mmoja. Na jihadhari na anayekupigia simu baadaye akidai anaweza kukurudishia fedha zako zote ukilipa ada kidogo kwanza. Orodha za waliopoteza huuzwa.

Mwalimu aliandika barua yake kwa mkono, mimi nikaipiga chapa, na kijana akaipeleka. Ilikuwa na maswali matatu: akaunti, namba ya mradi, na nini kitatokea tukishindwa awamu ya tatu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Lilimpongeza kwa uamuzi wake wa busara na kumwarifu kwamba akilipa kabla ya Ijumaa atapunguziwa asilimia 4. Maswali hayakujibiwa hata moja.

Ijumaa ilipita bila yeye kulipa. Ada ya kushika nafasi haijarudishwa, na sidhani kama itarudishwa. Kijana alikasirika, kwa sababu wakala ni mtu anayekutana naye kazini, na kwa wiki mbili hakupiga simu. Juzi Jumapili alipiga. Alikuwa amepanda basi hadi kwenye kiwanja. Alimwambia baba yake kwamba uzio upo, mlinzi yupo, na winchi moja ipo lakini haifanyi kazi. Alipomwuliza mlinzi kazi itaanza lini tena, mlinzi alimjibu kwamba yeye naye ni mgeni hapo, ana mwezi mmoja tu.